Malkia Msichana na Mzee Melbourne

Mazungumzo ya jioni mjini Mwanza mbele ya walimu na wanafunzi wa historia, yaliyoandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa marudio.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya Malkia Victoria, na nimeshasikia miguno huko nyuma: mzee kakosa la kusema mpaka atuletee Waingereza? Haya, aliye karibu na dirisha avute pazia. Yale maji pale chini, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza aitwaye John Hanning Speke aliyafikia kutokea upande huu wetu, akayapa jina la bibi mmoja wa London ambaye maisha yake yote hakukanyaga Afrika. Wasukuma walikuwa wakivua humo tangu enzi na enzi, Waganda wanaliita Nalubaale hadi leo, lakini kwenye ramani limebaki jina la yule bibi. Sasa mtu akiishi na jina la mgeni mlangoni pake kwa zaidi ya miaka 160, hata kwa udaku tu ana haki ya kuuliza: huyu alikuwa nani?

Victoria mnayemjua ni yule wa picha za vitabuni, mama mnene, nguo nyeusi, uso haujui kucheka. Huyo leo tumwache apumzike. Mimi namtaka msichana wa miaka 18, mfupi wa mita moja na nusu hivi, anayependa kucheza dansi mpaka kuche, anayekula bila kujizuia, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kuwaka. Na pembeni yake namtaka mwanamume wa miaka 58, mjane, ambaye mtoto pekee aliyembakia alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Msichana ni malkia, mwanamume ni waziri wake mkuu, Lord Melbourne, na kwa miaka minne hawakuachana ila kwa kulala.

Neno langu ni moja, nalisema mapema ili yule rafiki yangu pale akisinzia asilikose. Melbourne alimfundisha Victoria kazi yote ya umalkia isipokuwa jambo moja: kukaa bila Melbourne. Tabu kubwa ya miaka ile ilitoka hapo.

Tuanze na nyumba aliyotoka. Victoria alizaliwa Kensington, London, tarehe 24 Mei 1819. Baba yake, Edward, Duke wa Kent, alifariki mtoto akiwa na miezi minane. Mama alikuwa Mjerumani, mgeni wa nchi na mgeni wa lugha, na nyumba ikaja kushikwa na msimamizi wake, Sir John Conroy. Huyo bwana alimwekea mtoto kanuni ambazo hata jela zingeshangaza. Binti alale chumba kimoja na mama yake kila usiku. Asikutane na mtu bila mkubwa kuwapo. Asishuke ngazi bila kushikwa mkono. Ngazi, jamani! Msichana wa miaka 17, mrithi wa kiti cha enzi, anateremshwa ngazi kama anayejifunza kutambaa.

Hesabu ya Conroy ilikuwa rahisi. Baba mkubwa wa Victoria, Mfalme William wa 4, alikuwa mzee na mgonjwa. Akifa kabla binti hajatimiza miaka 18, mama atatawala kwa niaba yake, na anayemshika mama ndiye anayeshika nchi. Mzee William naye hakuwa mjinga. Agosti 1836, kwenye karamu ya siku yake ya kuzaliwa, alisimama mbele ya wageni, mama wa binti akiwa kaketi papo hapo, akasema anamwomba Mungu ampe miezi tisa tu zaidi ili madaraka yasipite mikononi mwa mama huyo. Mama akanyamaza, binti akalia. Mungu akampa mzee miezi tisa na kidogo juu yake: Victoria alitimiza 18 tarehe 24 Mei 1837, na mfalme akafariki usiku wa kuamkia tarehe 20 Juni. Siku 27. Conroy alikosa kuishika Uingereza kwa siku 27.

Alfajiri ile wakaja Kensington watu wawili, Askofu Mkuu wa Canterbury na Lord Conyngham wa ikulu. Saa kumi na mbili asubuhi mama akamwamsha binti. Victoria ameandika mwenyewe katika shajara yake kwamba alitoka na gauni la chumbani tu, akaingia sebuleni kwake peke yake, akawaona. Angalieni neno hilo, peke yake. Saa tatu akaja Melbourne, na hapo kaandika kwamba alimpokea peke yake kabisa, na kwamba mawaziri wake wote atawapokea hivyo siku zote. Neno lenyewe kaliandika kwa herufi kubwa. Mtoto aliyeshikwa mkono ngazini miaka yote anafurahia mlango unaofungwa. Usiku huohuo kitanda chake kikatolewa chumba cha mama.

Saa tano na nusu aliingia mbele ya baraza la washauri wa taji. Wazee watupu, wengine wamepigana na Napoleon. Hotuba aliyosoma kaandikiwa na Melbourne. Mmojawapo wa baba zake wadogo, Duke wa Sussex, alikuwa dhaifu na akapata shida kumsogelea ili aubusu mkono wake, basi msichana akainuka kwenye kiti akamwendea yeye. Hilo hakufundishwa na mtu.

Naomba niweke kituo hapa kidogo, maana mimi ni mtu wa Pangani niliyekuja huku kufundisha nikakwama, na pwani hainitoki. Mwaka uleule wa 1837 Sayyid Said aliwang'oa Wamazrui Mombasa. Kwa hiyo wakati binti huyu anahamisha kitanda, mwambao wetu nao ulikuwa unabadilisha bwana. Tutamrudia Sayyid Said, ana koti lake humu ndani.

Sasa Melbourne. Jina lake hasa William Lamb, kazaliwa 1779. Kijana mzuri wa sura, msomi, tajiri, na maisha yakampiga makofi. Mkewe Caroline alimpenda mshairi Byron hadharani, mji mzima ukatazama. Mume hakumfukuza mke upesi wala hakumpiga mtu risasi. Alivumilia, na mke akafariki 1828. Mtoto wao Augustus alikuwa na kifafa na akili yake haikukua kama ya wenzake, akafariki 1836. Mwaka huohuo bwana mmoja akamshtaki Melbourne, akiwa waziri mkuu, kwamba amezini na mke wa bwana huyo. Wazee wa baraza mahakamani hawakuhitaji hata kutoka kwenda kushauriana, wakasema hana hatia. Mtu mwenye historia hiyo ndiye aliyekabidhiwa msichana asiyemjua mwanamume yeyote nje ya nyumba yao. Mimi ningekuwa baba mzazi ningesita.

Lakini ilikuwa kazi iliyomfaa. Mfalme aliyetangulia alikuwa na katibu wake wa kumfungulia barua na kumweleza mambo. Victoria hakuwa naye, na Melbourne akaichukua kazi hiyo juu ya uwaziri mkuu. Kwetu mwari akitolewa hukabidhiwa kungwi, na kungwi hawi mwanamume hata siku moja. Hawa Waingereza walimpa mwari wao kungwi mwenye ndevu za pembeni, na somo lenyewe likawa siasa.

Asubuhi walikaa na makaratasi. Barua ya balozi ikija, Melbourne anaieleza: huyu anataka hiki, anaficha kile, babu yake alikuwa hivi. Alasiri wanapanda farasi pamoja na kundi zima. Usiku mezani kiti chake ni mkono wa kushoto wa Malkia. Baada ya chakula wanatazama picha, wanacheza chesi, na mara nyingine mzee anapitiwa na usingizi na kukoroma kitini, na Malkia anayaandika hayo bila hasira. Bwana huyu nyumbani kwake alijulikana kwa kujimwaga kwenye sofa na kuapiza kila sentensi. Mbele ya msichana alikaa wima kitini na ulimi kaufunga.

Mtaniuliza nayajuaje ya mezani. Swali zuri, na jibu lake ni hadithi ya peke yake. Victoria aliandika shajara karibu maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1901, binti yake mdogo, Beatrice, alikaa miaka akaziandika upya, akiacha alichoona hakifai, na kila alipomaliza akachoma ule wa asili. Vitabu 111 vya Beatrice ndivyo vilivyobaki. Mwanahistoria akifikiria moto ule anataka kulia. Lakini kabla ya hapo Lord Esher alikuwa amepigisha taipu sehemu ya mwanzo, mpaka Februari 1840, na nakala hiyo ilipona. Yaani kipande kilichonusurika kikiwa kizima ndicho hichi hasa, cha msichana na Lord M. wake. Ndivyo alivyomwita humo: Lord M.

Na humo mna vitu vya ajabu kwa udogo wake. Desemba 1838 Malkia alipima uzito akakuta kilo kama 57, akahamanika, kwa kimo kile. Melbourne akamshauri ale tu anapokuwa na njaa. Akajibu kwamba njaa anayo wakati wote. Basi atembee kwa miguu. Akasema akitembea viatu vinaingia mawe. Mzee akamwambia ashonewe vinavyobana. Huyu ndiye aliyeshika jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani, na huo ndio mjadala wa ikulu.

Msicheke mkasahau upande wa pili. Malkia alikuwa amesoma riwaya ya Charles Dickens juu ya yatima Oliver Twist, ikamgusa, akataka kuizungumza. Melbourne akasema vitu vya namna ile havitaki, havipendi maishani na hataki kuvikuta kwenye kitabu. Ananiudhi sana hapo. Mtu aliyekaa karibu na sikio la Malkia kuliko wote anamwambia binti mwenye huruma kwamba maskini si habari ya kupendeza. Na alikuwa na rekodi: mwaka 1834, akiwa waziri wa mambo ya ndani, vibarua sita wa shamba wa kijiji cha Tolpuddle walipelekwa Australia kama wahalifu, kosa lao hasa likiwa kuungana na kula kiapo kwa ajili ya ujira wao, na Melbourne aliiunga mkono hukumu ile. Wakati Malkia anacheza chesi, wafanyakazi walikuwa wakikusanya sahihi nchi nzima kudai kura. Kungwi alimfundisha mwari nyumba ya wakubwa na kumfungia dirisha la mtaani.

Tarehe 28 Juni 1838 alitawazwa Westminster Abbey. Sitakaa sana hapa, sherehe ni sherehe. Askofu Mkuu alimsokomeza pete kidole kisicho chake, ikaja kutoka kwa maumivu. Lord Rolle, mzee wa zaidi ya miaka 80, alijikwaa akabingirika ngazi za kiti cha enzi, na Malkia akainuka akateremka kumwendea asipande tena. Melbourne alibeba upanga wa dola, mzito, machozi yakimlengalenga. Na nyuma, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Edward, madhabahu ilikuwa imetandazwa sandwichi na chupa za divai; Malkia kayaandika hayo, na kwamba Lord M. alijimiminia glasi. Wanasimulia pia kwamba Malkia aliporudi nyumbani alikunja mikono akamwogesha mbwa wake, Dash.

Sasa mwaka 1839. Huo ndio mwaka wenyewe.

Kwanza lilikuja jambo la Lady Flora Hastings, mpambe wa mama yake Malkia. Tumbo lake lilianza kutokeza, naye hana mume. Malkia hakumpenda, maana alikuwa upande wa mama na Conroy, na Conroy ndiye aliyeshukiwa. Minong'ono ikatoka chumba kimoja hadi kingine ikamfika Melbourne. Mzee alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote: tusubiri tuone. Kwenye kodi na sheria dawa hiyo mara nyingine inaponya. Kwenye uvumi juu ya mwanamke ni sumu. Flora akakubali kupimwa na madaktari wawili, wakatoa hati kwamba hana mimba. Ndugu zake wakachachamaa, barua zikaenda magazetini, na ikulu ikawa gumzo. Tarehe 5 Julai Flora akafariki, miaka 33, na walipompasua wakakuta ni ini lililovimba. Gari la Malkia lililopelekwa mazikoni lilirushiwa mawe. Kwenye mbio za farasi Ascot mwaka huo Malkia alizomewa, na mabibi wawili wa tabaka la juu walikuwamo katika wazomeaji. Wengine walimpigia kelele wakimwita Bibi Melbourne.

Je, palikuwa na mapenzi ya namna hiyo? Najua ndilo mlilokuja kulisikia. Charles Greville, karani wa lile baraza la washauri, mtu mwenye macho ya mwewe, aliandika kwamba Melbourne anampenda Malkia kama angempenda binti yake laiti angekuwa naye, kwa kuwa ni mtu mwenye uwezo mkubwa wa kupenda na hana cha kukipenda duniani. Mimi naona Greville alimaliza. Yatima wa baba alikutana na baba aliyefiwa, na huko nje nchi nzima ikawa inahesabu saa wanazokaa pamoja.

Katikati ya mkasa huo wa Flora likazuka la bungeni, na chanzo chake kilikuwa mbali, Jamaika. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kwa sheria ya 1833, lakini watu walibakizwa mashambani kwa jina jipya la wanagenzi mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Wenye mashamba, waliolijaza baraza la kisiwa, walikuwa wakikataa sheria za London, mojawapo ikiwa ya magereza walimopigwa wale waliokwisha kuitwa huru. Serikali ya Melbourne ikataka kulisimamisha baraza lile. Mei 1839 kura zikapigwa, serikali ikashinda kwa kura tano tu. Ushindi wa kura tano kwa waziri mkuu ni kama kuambiwa umebaki kazini mpaka saa sita mchana. Tarehe 7 Melbourne akajiuzulu.

Malkia alilia mpaka akashindwa kula. Akamwita Duke wa Wellington, naye akamwambia amwite Sir Robert Peel, kiongozi wa chama pinzani cha Tory. Peel alikuwa mtu hodari na mwenye haya. Mbele ya msichana hakujua aiweke wapi miguu yake. Malkia akamwona baridi na wa ajabu, baada ya kuzoea mtu anayechekesha.

Peel akaomba jambo moja. Wapambe wakubwa wa Malkia walikuwa wake na dada wa wanasiasa wa Whig, chama cha Melbourne. Lady Normanby, kwa mfano, mumewe alikuwa ametoka tu kuitawala Ireland kwa niaba ya serikali ileile. Peel alikuwa anaingia bila wingi bungeni. Akitaka kuaminiwa, lazima ionekane kwamba Malkia anamwamini, na haiwezekani kila usiku chumbani kwake wawe wake za wapinzani. Alitaka baadhi wabadilishwe, si wote. Malkia akasema hatoi hata mmoja. Akamwandikia Melbourne kwamba walitaka kumnyang'anya mabibi zake, kesho labda watataka na watumishi wa kumvika nguo. Walitaka kumtendea kama msichana, naye atawaonyesha kwamba ni Malkia wa Uingereza.

Barua ile ukiisoma unampigia makofi, maana unaiona ngazi ya Kensington na mkono ulioshikwa. Lakini Peel alikuwa na haki. Mfalme wa nchi yenye bunge hana chama. Chama chake ni yule aliyeshinda kura, ampende asimpende. Na mtu mmoja tu angeweza kumwambia hivyo akasikia. Melbourne mwanzoni alimshauri vizuri, awe mpole kwa Peel. Barua za hasira zilipokuja, akawasomea mawaziri wenzake, wakashikwa na huruma na ushujaa, wakamwandikia jibu la kukataa. Peel akaiacha kazi. Melbourne akarudi, akakaa miaka miwili zaidi kwenye kiti ambacho bunge halikumpa kwa moyo. Uzeeni Victoria mwenyewe alikiri kwamba alikosea. Mimi kosa nampa kungwi. Mwari alifanya alichofundishwa: watu wetu ni hawa, wale si watu wetu.

Januari ya mwaka uleule, huku London wakianza kunong'ona tumbo la Flora, Aden ilitwaliwa na Waingereza. Ile Aden ya majahazi yetu. Jambo kubwa kama hilo kwa bahari yetu nzima, na katika habari za ikulu ni kama mvua ya jirani.

Ndoa ndiyo iliyoanza kumtoa Malkia mkononi mwa mzee. Mjomba wake Leopold, Mfalme wa Wabelgiji, kwa muda mrefu alikuwa akimpigia debe binamu yake, Albert, mtoto wa mjomba mwingine. Leopold huyu msimchanganye na mwanawe, Leopold wa pili. Huyo ndiye ambaye chini ya utawala wake watu walikatwa mikono Kongo. Albert alifika Windsor tarehe 10 Oktoba 1839, Malkia akamtazama akamaliza. Siku moja kabla ya kumtamkia alimwambia kwanza Melbourne. Tarehe 15 akamposa yeye, kwa sababu hakuna mwanamume anayeruhusiwa kumposa malkia anayetawala.

Harusi ilikuwa tarehe 10 Februari 1840. Na koti nililowaahidi ndilo hili. Melbourne alijishonesha koti jipya la fahari kwa siku hiyo, akamwambia Malkia kwa mzaha kwamba linaundwa kama manowari ya mizinga 74. Basi manowari ya mizinga 74 Waingereza walikuwa wamepewa moja bure, na aliyewapa ni Sayyid Said. Iliitwa Liverpool, iliundwa Bombay, na mwaka 1836 bwana wa Unguja na Maskati alimzawadia Mfalme William. Waingereza wakaibadili jina kwa heshima yake, wakaiita Imaum, yaani Imamu. Baadaye ikapelekwa Jamaika, kisiwa kilekile kilichomwangusha Melbourne, ikafungwa Port Royal kama bweni la mabaharia mpaka ikazeeka. Kila nikiifikiria meli hiyo naona dunia ya wakati ule ilikuwa ndogo kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1841 Tory walishinda uchaguzi mkuu wazi kabisa. Malkia alikuwa ameuonyesha upande wake na bado nchi ikachagua ule asioutaka. Safari hii hakukuwa na kilio cha 1839. Albert alikuwapo, na suala la wapambe lilikwisha kupatanishwa kimya kimya kabla ya kura, mabibi watatu wakubwa wa Whig wakaondoka wenyewe. Agosti hiyo, usiku wa kuagana, walisimama nje penye mwanga wa nyota kwenye baraza ya Windsor. Melbourne akamwambia kwamba miaka minne amemwona kila siku, na kila siku akapenda zaidi. Lakini ni afadhali sasa kuliko ingekuwa 1839, kwa kuwa Prince anaelewa kila kitu.

Kisha akafanya tendo ambalo, kwangu mimi, ni bora kuliko yote aliyoyafanya katika uwaziri wake. Alimpa Greville ujumbe ampelekee Peel, mpinzani wake: Malkia hana majivuno, anajua yapo asiyoyaelewa, anapenda kuelezwa kuanzia mwanzo, kwa ufupi na kwa uwazi, wala si kwa mihadhara mirefu. Kila utakachomletea, mweleze sababu. Fikirieni mtu ananyang'anywa kazi na kitu anachokipenda duniani, na anakaa chini kumwelekeza anayemrithi namna ya kukitunza. Peel akasikia. Baada ya muda Malkia aliyemwona baridi akamheshimu kuliko karibu mawaziri wake wote.

Mzee aliendelea kuandikiana na Malkia hadi washauri wakanuna, maana mtu wa upinzani hapaswi kumnong'oneza mwenye taji. Mwaka 1842 alipata kiharusi. Mwaka huohuo, Oktoba, Malkia alikuwa akizipitia shajara zake za zamani, akaandika kwamba hazimpi hisia nzuri, kwamba maisha yale yalikuwa ya juujuu, naye alidhani ana furaha. Kumbukeni alikuwa na miaka 23 tu. Mzee akabaki nyumbani kwake, Brocket Hall, akisubiri barua zilizozidi kupungua, na kila serikali ilipotikisika akitumaini ataitwa. Jina lake lilikuwa limeshapewa mji huko Australia tangu 1837, lakini mji hauandiki barua.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1848. Malkia akamwandikia mjomba Leopold kwamba rafiki yao mzee ametangulia, kwamba anamsikitikia kwa dhati maana alimpenda kweli, na kwamba ingawa hakuwa waziri imara, alikuwa muungwana mwenye moyo mwema na mkarimu.

Haya. Yule kijana aliyenyoosha mkono tangu habari ya Jamaika, uliza sasa.